Ekari Nne za Shule

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Joleen zima hiyo televisheni, maana nitasema mara moja na sina pumzi ya kurudia. Muuguzi amenipa dawa yake lakini kichwa changu bado ni changu, kwa hiyo asije mtu baadaye akadai kwamba mama yenu Hilka alisema haya akiwa amechanganyikiwa. Chai imo kwenye birika. Anayetaka ajimiminie, aanze na sukari ya mawe na krimu iwe mwisho, na asikoroge, ndiyo desturi yetu, hata kama leo hakuna mgeni wa kumwonyesha adabu.

Nianze na mepesi. Shamba litabaki kwako, Curtis, kwa kuwa ndiwe unayelilima, na kila ukishauza mahindi na soya utampa dada yako fungu lake bila kumngoja aje kukugongea mlango. Nyumba hii ni ya Joleen. Vikombe vya mama yangu mgawane, na mkigombania vikombe nitajua huko niliko kwamba nilizaa wajinga. Makaburi yafyekwe kabla ya sikukuu ya mashujaa, siyo baada yake, watu wakishapita na kuona majani.

Zimebaki ekari nne za pale njia panda, ambazo kwa ajili yake hamjakaa meza moja tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mnajua zilivyopatikana. Babu yenu Okke alizitoa kwa shule ya umma, akaweka sharti kwamba zitakuwa za shule maadamu watoto wa hapa wanafundishwa pale, na milango ikifungwa ardhi irudi kwa ukoo wa Folkerts. Wakili Harms amesema sharti hilo bado lina nguvu. Baba yenu Weert alipofariki haki hiyo ikaja kwangu, na nikiondoka itakwenda kwa yule nitakayemtaja. Nanyi mnajua kwamba mwezi wa tatu bodi ya wilaya inakutana kuamua kama shule ifungwe, kwa sababu watoto wamepungua. Serikali ya jimbo siku hizi humpa mzazi hela za kumlipia mtoto shule aitakayo, shule ya kanisa lako, Curtis, imewapokea wengi, na kila mtoto anayehama huondoka na fungu lake la hela.

Basi mmekuja kwangu mmoja mmoja, kila mtu na keki yake. Wewe Curtis unataka niwaachie watu wa kanisa ekari hizo, ili bodi ikifunga tu, shule ya Neema ihamie katika jengo lile. Wewe Joleen unataka nilifute sharti la babu yako, wilaya ichukue ardhi moja kwa moja, kaka yako asipate hata udongo wa kujaza chungu cha maua. Keki zote mbili zilikuwa nzuri.

Hoja zenu nimeshazikariri. Mlizirushiana Krismasi ile juu ya nyama ya nguruwe, hadi nyama ikapoa.

"Hela ni za mtoto, si za jengo," ulisema, Curtis.

"Za mtoto gani?" Joleen akakujibu. "Wako tu, au na huyu anayebaki darasani chini ya paa linalovuja?"

"Paa halikuanza kuvuja juzi, dada. Mlikuwa na hela zote na bado lilivuja."

"Na nyie huko Neema mnachagua watoto kama watu wanaochagua ndama mnadani!"

Baada ya hapo mkavaa makoti, na mimi nikala nguruwe baridi kwa wiki nzima.

Sikilizeni, sitawaambia nani ana haki, maana nimelitazama jambo hili kama ninavyolitazama shamba la jirani, bila kutaka kuvuna, na nimeona kila mmoja ana chake. Landon wa Curtis alipokuwa shule ya umma wenzake walimfungia ndani ya kabati la nguo za michezo, wakacheka, na mkuu wa shule akasema watoto ndivyo walivyo. Mtoto akaacha kula. Leo yuko Neema, anapiga tarumbeta, anakula mpaka anamaliza mkate wangu, na siwezi kumwambia baba yake kwamba alikosea kumhamisha. Tena Joleen anafundisha madarasa mawili katika chumba kimoja, mwalimu wa muziki ameondoka, penseli ananunua mwenyewe, na siwezi kumwambia mwalimu huyo kwamba analia bure. Ninyi wawili mngekuwa wapumbavu ningepumzika zaidi.

Nipe maji, Joleen. Kidogo tu.

Shida yetu mimi naiona kwingine. Mnaukumbuka mkutano wa kuunganisha sekondari yetu na ile ya ng'ambo ya mto? Ukumbi wa michezo ulijaa hadi watu wakasimama. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Sisi watu wa hapa tumelelewa kuona ni aibu kusimama mbele za watu na kumpinga jirani yako, kwa hiyo ukumbi mzima ukatazama viatu. Akangoja kwa heshima, akasema, "Basi tumekubaliana," tukaenda kunywa kahawa na kula biskuti za maboga. Ni kule nje, kwenye maegesho, wanaume walipokwisha kufunga milango ya magari yao, ndipo walipopiga kelele, kila mtu na usukani wake. Vuli ilipofika watoto wetu wakapanda mabasi kwenda mji wa watu, tukaambiwa kwamba tulikubali. Wala hawakutudanganya. Ndivyo tunavyokubali hapa.

Sasa nakuja kwa Talea, na wewe Curtis usiangalie dirisha.

Talea ni binti yako wa mwisho, amebeba jina la mama yangu. Maneno humjia polepole na mkono wake wa kushoto haushiki vizuri, lakini ukimsubiri anakuambia kitu ambacho umekaa siku nzima bila kukiona. Majira ya kuchipua yaliyopita ulimpeleka Neema awe pamoja na kaka yake. Baraza la shule likakaa, nawe ni mmoja wao. Wakasema kwa upole kwamba hawana mwalimu wa kumfaa mtoto wa namna ile, kwamba watamwombea, na sheria inawaruhusu kukataa. Kisha wakauliza kama kuna mwenye neno. Haya sikuyasikia mitaani. Uliniambia mwenyewe siku ulipokuwa unanifungia matairi ya theluji, ukiwa umenipa mgongo. Uliniambia ulitazama viatu.

Niliumia, Curtis. Sijaumia hivyo tangu tumzike baba yako.

Na wewe Joleen acha kutikisa kichwa. Landon alipofungiwa kabatini chumba chako cha darasa kilikuwa ng'ambo ya korido, na mkuu wa shule ni shoga yako wa tangu utotoni. Hukusema kitu. Ulimletea mtoto keki.

Basi hili ndilo nililoamua, na Harms ameshaliweka sawasawa kisheria. Ekari nne siwapi watu wa kanisa, siipi wilaya, na ninyi siwapi. Haki ya Okke nampa Talea. Bodi isipofunga, shule iendelee kama ilivyo na mtoto hadai chochote. Ikifunga, ardhi ni yake, na atakayetaka kufundisha pale, awe Neema, awe wilaya, awe mtu wa dini nisiyoijua, atampokea yeye na kila mtoto wa eneo hili atakayegonga, bila kumpima kwanza. Asiyeweza akajenge kwingine. Mpaka awe mtu mzima mtamsimamia ninyi wawili kwa pamoja, na mmoja hawezi kutia sahihi bila mwenzake. Mtalazimika kuongea. Sikupata adhabu nyingine inayowafaa zaidi.

Nimechoka... ngojeni.

Mazishi yangu yawe ya kawaida. Chakula kiwe ukumbi wa michezo wa shule, si kanisani, mikate na nyama. Watu wa Neema wakate nyama, walimu waoshe vyombo, au kinyume chake, ilimradi waonane. Mchungaji asizidishe.

Na mwezi wa tatu mwende kwenye mkutano ule. Msikae nyuma. Joleen, utasimama useme yaliyompata Landon, ingawa rafiki yako mkuu wa shule atakuwa ameketi pale pale mezani. Curtis... wewe utasimama mbele ya wilaya na mbele ya watu wa kanisa lako, useme walichomfanyia binti yako, na kwamba ulikuwepo. Sikuambii upige kura gani. Sema tu, kwa sauti, kabla ya kahawa.

Mungu awape afya. Awape mvua kwa wakati wake na watoto wanaowapenda kuliko mnavyostahili. Dada asimkose kaka, kaka asimkose dada. Nimewasamehe... vyote, na vile msivyojua kama navijua.

Joleen amesema ndiyo, nimemsikia.

Curtis, utasimama?

Usiitikie kwa kichwa, macho yangu hayaoni mpaka huko. Na kunyamaza sitakuhesabu kuwa ni kukubali, si safari hii.

Nipe mkono wako... Hivyo.

Sema basi, baba. Bado nasikia.