Natalia Barampama na Sikukuu Alizozishika Guangzhou (1958–2008)

Dada yetu Natalia Barampama alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 huko Rumonge, Burundi, akiwa mtoto wa kwanza wa katekista Yozefu Barampama na Mama Agatha. Kwetu Burundi sikukuu za Kanisa ni sikukuu za nchi nzima. Siku ya Kupaa Bwana ofisi hufungwa, na tarehe 15 Agosti, Bikira Maria anapopalizwa, mahujaji humiminika Mugera. Natalia alikuwa na miaka minne baba alipompeleka huko akiwa amembeba mabegani. Alikumbuka ukungu, nyimbo zilizotoka mahali asipopaona, na mavazi meupe yakipanda mlima polepole. Mama hakuwemo katika safari ile, na baba alifariki katika vurugu za mwaka 1972. Hakubaki mtu wa kumuuliza. Alipokua, Natalia alianza kudhani kwamba aliota tu.

Mwaka huohuo wa 1972 mama alivuka ziwa na watoto wake hadi Kigoma. Natalia alimaliza darasa la saba mwaka 1976, mkubwa kuliko wenzake wote darasani, kisha akajifunza ushonaji kwa masista.

Tarehe 24 Oktoba 1981 alifunga ndoa na Bwana Cyrus Kagoma, fundi wa reli. Shemeji Cyrus hupenda kusimulia kwamba alipopeleka posa, mchumba aliuliza swali moja tu: je, ataruhusiwa kupumzika siku ya Watakatifu Wote? Cyrus akajibu kwamba hata yeye angefurahi kupumzika. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jovin na Loyce.

Marehemu aliuza nguo katika soko la Mwanga, Kigoma, kwa miaka mingi. Februari 2004 alisafiri kwa mara ya kwanza kwenda Guangzhou, China, na tangu hapo akawa mtu wa huku na huko. Alipanga chumba karibu na Barabara ya Zhanqian pamoja na Kissa Mwakalinga, Mmoraviani wa Tukuyu, na ukutani akatundika kalenda ya parokia. Alisema kule siku zote zina sura moja. Mtu huamka asijue kama ni Jumanne au ni mwaka mwingine.

Tarehe 15 Agosti 2006 kontena lao la jinzi lilitakiwa kupakiwa kiwandani Xintang na kufika bandari ya Huangpu siku hiyohiyo. Natalia alikataa kwenda.

"Dada, meli haijui Kupalizwa," Kissa alimwambia.

"Mimi naijua. Wewe nenda, mdogo wangu, usichelewe kwa ajili yangu."

Laobani wa kiwanda, yaani bosi mwenyewe, alipiga simu mara tatu. Mwishowe marobota ya Kissa yakapakiwa, ya Natalia yakabaki sakafuni kwa kukosa mwenyewe, na yakafika Kigoma Krismasi ikiwa imeshapita. Siku ile, baada ya Misa katika kanisa kuu la mawe la Guangzhou, alikaa kwenye benchi akalia, kwa sababu hakuwa na hakika kama alikuwa mwaminifu au mkaidi tu.

Hata hivyo alipika maharage na ndizi, akaita watu. Walikuja kumi na mmoja, akiwemo Khalid wa Unguja, Mwislamu, aliyesema amefuata harufu ya nyumbani, na Protas, mwanafunzi kutoka Gitega. Natalia, kwa haya, akamsimulia Protas ule mlima wenye ukungu.

"Hukuota, mama," Protas alisema. "Ni Mugera. Mimi nimepanda mlima huo kila mwaka."

Kisha akaanza kuimba kwa Kirundi, na Natalia akajikuta anayajua maneno yote. Kissa aliporudi kutoka bandarini aliwakuta bado wanaimba. Akavua viatu, akaketi mlangoni.

Machi 2008 madaktari wa Guangzhou walimgundua kuwa na saratani ya ini, iliyokuwa imekwisha kuenea. Hakuweza tena kusafiri. Shemeji Cyrus alisubiri viza bila mafanikio, hivyo Kissa ndiye aliyemuuguza, akimlisha uji na kumsomea kalenda.

Mwaka huo Kupaa Bwana iliangukia tarehe 1 Mei, siku ya mapumziko ya wafanyakazi nchini China. Asubuhi hiyo Natalia alifumbua macho, akasikiliza.

"Mbona kumetulia hivi?"

"Wamefunga, dada. Leo ni sikukuu."

"Wote?"

"Mji mzima," Kissa alijibu.

Natalia akatabasamu, kama mtu aliyefika mahali akakuta amesubiriwa. Alifariki saa sita mchana, siku mbili kabla ya kutimiza miaka hamsini.

Ameacha mume, Cyrus. Watoto, Jovin na Loyce. Mama yetu, Agatha. Mdogo wake, Didas, anayesoma wasifu huu. Na Kissa Mwakalinga, aliyemleta nyumbani, ambaye kuanzia leo ni dada yetu.

Natalia, pumzika sasa; kazi imefungwa.