Hapa Sote ni Ndugu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe uliyeko jikoni acha hayo masufuria, hayana miguu ya kukimbia. Fungeni na dirisha la barabarani, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na pikipiki. Dada yenu mkubwa akae hapa kichwani, mwanangu dereva akae kwenye kiti cha marehemu mama yenu, na kitinda mimba wangu akae popote, yeye tangu azaliwe hukaa popote. Nesi amesema nisizungumze sana. Nesi ni mtu mwema, ila anayekufa si yeye, kwa hiyo leo nitazungumza, nanyi mtanivumilia kama nilivyowavumilia mlipojifunza kusema mkawa hamnyamazi.

Vitu vyangu ni vichache na havitawagombanisha mkiwa na akili. Kibanda cha kinyozi, na viti vyake viwili na kile kioo chenye ufa, ni cha kitinda mimba, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekubali kushika mashine bila kuona haya. Vyombo na Biblia ya mama yenu achukue dada yenu. Koti langu la kanisani ni la dereva, ingawa tumbo hilo sijui utalifungia wapi vifungo. Hayo yamekwisha, na sasa nisikieni kuhusu nyumba.

Nyumba hii mmeshaanza kuipima kwa macho, na msibishe, maana juzi niliwasikia mkinong'onezana kwamba kile chumba cha uani kipangishwe. Mlidhani nimelala. Mgonjwa halali, wanangu, hufumba macho tu ili watu waseme ukweli. Basi jueni kwamba nyumba hii si yangu peke yangu. Bibi yenu aliwaachia watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu, na nusu yake, pamoja na chumba hicho cha uani, ni ya baba yenu mdogo. Dada yenu anamkumbuka, alikuwa akimbeba mabegani kumpeleka dukani. Nyinyi wawili mmekua mkiambiwa kwamba baba yenu hana ndugu, na aliyewaambia ni mimi.

Ilikuwa hivi. Bibi yenu alipougua, mimi nilikuwa na kibanda, nilikuwa na kwaya, nilikuwa na vikao vya kanisa visivyoisha. Mdogo wangu hakuwa na kazi ya kueleweka, basi yeye ndiye aliyekuwa akimwosha mama, akimlisha, akimgeuza kitandani. Siku mama alipokata roho nilirudi nikamkuta peke yake, shuka limelowa, macho hayajafumbwa, na mdogo wangu hayupo. Akaingia baadaye akihema, viatu mkononi. Sikumwuliza ametoka wapi. Nilimwambia mbele ya watu wote waliokuja kulia nasi, "Umemwacha mama afe kama mtu asiyezaa. Kuanzia leo mimi sina ndugu." Akaweka viatu chini, akaingia chumbani kwa mama. Tukazika, na siku ya tatu kitanda chake kilikuwa kitupu. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba hasara yenyewe huchelewa kufika, maana siku ile mimi nilijiona mwanamume kweli.

Miaka tisa ikapita. Siku moja tunapiga soga tu, fundi viatu wa kibanda cha pili akanitajia kwamba siku ile aliyofariki mama, mdogo wangu alikuja mbio kibandani kwangu, akagonga mlango kwa ngumi, na yeye fundi akamwambia nimekwenda mazoezi ya kwaya, naye akavua viatu ili akimbie vizuri, akaelekea kanisani. Tulipishana njiani. Nikamwuliza fundi, mbona hukuniambia miaka yote hii? Akasema, "Mbona hukuniuliza?" Mama alikuwa anakata roho, mtoto wake mmoja anakimbia peku kumtafuta mwenzake, na mimi nilikuwa nimesimama naimba sauti ya tatu.

Nipe maji, mama, wewe uliye hapa kichwani. Kidogo. Basi.

Sasa watu husema niliitwa na Bwana katika huduma ya wasio na makao. Labda. Ninachojua mimi ni kwamba nilisikia mdogo wangu ameonekana akilala kwenye baraza za maduka nyuma ya stendi, na kanisa letu lilikuwa limeanza kwenda huko kila Jumamosi asubuhi na chai na mkate, na Neno, na nesi mstaafu wa kufunga vidonda. Nikasema mimi nitanyoa. Mwaka wa kwanza nilitazama kila uso uliokuja. Mwaka wa pili nikawa natazama mmoja nauacha mmoja. Baadaye nikawa natazama vichwa tu, kwa sababu kinyozi husimama nyuma ya mtu, na foleni ni ndefu, na chawa hawana subira. Kumbe wakati huohuo jina langu lilikuwa linakua. Nikaitwa Baba wa Wasio na Makao. Nikavishwa fulana yenye maandishi, nikasimamishwa kutoa ushuhuda, na watu wakalia, na mimi nikaanza kupenda jinsi wanavyolia. Aliyekwenda kumtafuta ndugu yake sijui aliishia wapi.

Na pale kwenye huduma tulikuwa na mazoea yetu. Majina hatukuwauliza, wengi hawakupenda kuulizwa, basi wote tuliwaita ndugu. Ndugu sogea, ndugu keti, ndugu inamisha shingo, ndugu ubarikiwe. Ni neno jema. Lakini hata wembe mzuri, ukishapita vichwa vingi, haukati tena.

Jumamosi moja, sasa ni miaka sita, tulikuwa na wageni kutoka kanisa kubwa, wamekuja na kamera kuona kazi yetu. Mama wa foleni, yule mcheshi anayewapanga watu kwenye benchi, akanipigia kelele kwa mbali huku akicheka, "Kinyozi, kuna mtu huku anasema yeye ni ndugu yako, kwa hiyo hapangi foleni." Nami sikugeuka. Nikajibu, "Mwambie hapa sote ni ndugu." Wageni walicheka, wakalipenda neno hilo, mmoja akaliandika. Mtu yule akapelekwa mwisho wa benchi, akakaa, akangoja.

Zamu yake ikafika. Akaketi amenipa mgongo, nikamfunika kitambaa shingoni, nikaweka mkono kichwani. Wanangu, kinyozi anaweza kusahau uso, kichwa hakisahau. Kile ndicho kichwa nilichojifunzia kazi, kwa mkasi wa mama, mimi nina miaka kumi na miwili na yeye saba, tumekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni hapo nje. Utosini kina mizunguko miwili ya nywele inayovutana, na usipoijua unamwachia mtu kishungi kama cha jogoo. Nilimwachia kishungi hicho mara nyingi, akaenda nacho shuleni akachekwa, na bado akirudi alikuwa akikaa tena ngazini na kuinamisha kichwa. Mkono wangu uliijua mizunguko ile kabla sijaiona.

Wenzangu wa huduma niliwaambia baadaye kwamba sikumtambua. Dada yenu nilimwambia hivyohivyo, akanipa pole, na pole ile nikaila. Sasa nasema mbele yenu nyote watatu: nilimjua. Nilimjua, na mashine ikawa mkononi mwangu inaunguruma, na wageni wamesimama na kamera yao, na mimi nikapiga hesabu ya aibu. Nikisema huyu ni mdogo wangu, wataniuliza inakuwaje mdogo wake Baba wa Wasio na Makao analala barazani, na nyumba ya mama yake ina vyumba vinne? Kinyozi hajinyoi, nyie, na mimi siku ile nilikuwa nimetakata mbele za watu wote isipokuwa mmoja, naye nilikuwa nimemshika kichwa.

Akauliza taratibu, bila kugeuka, "Nyumbani hawajambo?" Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu, "Hawajambo, ndugu, tunamshukuru Mungu." Akainamisha kichwa. Nikamnyoa kipara, na ile mizunguko nikaiondoa kwanza, ili nisiwe naitazama. Nikampaka spiriti, akashtuka kidogo. Nikampangusa shingo, nikakung'uta kitambaa, nikasema, "Ubarikiwe, ndugu." Akasimama, akanigeukia, tukatazamana uso kwa uso kwa muda wa mtu kumeza mate. Akasema, "Amina." Kisha akaenda kupokea mkate wake kama wengine.

Nikajiambia, Jumamosi ijayo hakuna wageni, nitamshika mkono nimlete nyumbani. Nilifagia hata kile chumba cha uani. Jumamosi ikaja, yeye hakuja. Ya pili hakuja. Nikaanza kuulizia, na watu wananiuliza, yukoje huyo? Nasema, amenyolewa kipara. Mama wa foleni akaniambia, "Kinyozi, hawa wote umewanyoa wewe." Hakunikejeli, ilikuwa kweli. Jina lake halikusaidia, huko hakuna anayelitumia la kuzaliwa, na la mtaani silijui. Picha niliyokuwa nayo ni ya kijana mwenye nywele tele. Nilikwenda hospitali, nikaenda mochwari nikafunuliwa watu wasio wangu, nikaenda kituo cha polisi nikaandikwa kwenye daftari. Dereva, zile safari ulizonipeleka mji wa pili ukidhani natafuta mashine za mtumba, nilikuwa nazunguka stendi za watu. Mmoja aliniambia amekufa, mwingine akasema amemwona ananenepa, mwingine akaniuliza nataka kusikia lipi. Miaka sita, wanangu. Sikumpata, na sijui kama kuna wa kumpata.

Sasa niko hapa na hata kujigeuza siwezi. Dada yenu ndiye anayenigeuza asubuhi na jioni, na kila akinishika mbavu namkumbuka yule aliyekuwa akimgeuza mama, maana sasa najua ni kazi gani. Ningekuwa na miguu ningetoka. Sina. Ninacho kinywa tu, nacho kinakauka.

Chumba cha uani kisipangishwe. Sikia dereva, usinune, najua una watoto na mna msongamano. Karatasi ya nusu ile iko kwa mchungaji, lakini karatasi haimfungulii mtu mlango, mnaofungua ni nyinyi. Nikishafunikwa mtafanya mtakalo, maiti haulizwi sanda. Nawaomba tu, siwezi kuwalazimisha, na kuomba huku kunaniuma kuliko mbavu hizi. Akija mtu hapo mlangoni akasema yeye ni ndugu yangu, msimpange foleni. Watakuja na waongo, najua. Mwongo mpeni chai aende zake, chai haijawahi kumfilisi mtu.

Na wewe kitinda mimba, Jumamosi uende. Usiende kwa ajili yangu, nenda kanyoe tu. Ila uwakalishe wakikuelekea, umtazame kwanza mtu usoni, ndipo umzunguke. Utachelewa. Foleni itanung'unika. Mama wa foleni atakusema, msalimie, na umwambie lile kosa la kumpeleka mdogo wangu mwisho wa benchi halikuwa lake, maana amelibeba miaka sita na mimi nikamwachia alibebe.

Ngojeni. Ngojeni kidogo.

Nizikeni bila ushuhuda. Asisimame mtu kusema nilikuwa baba wa nani. Waimbe wimbo mmoja, mfupi, kisha watu wale wa nyuma ya stendi wakija wapewe viti, wasisimamishwe ukutani.

Inamisheni vichwa. Huu mkono siwezi kuuinua, uinueni nyinyi, uwekeni… hapo. Mungu awape nyumba yenye watu. Awape kuulizana kabla ya kukasirika. Mpendane wangali hai wa kupendwa. Dada yenu asiachiwe mizigo yote. Mungu awatunze, na yeye pia, huko alipo, kama yupo, ampe… ampe pa kulala.

Unasema nini, mama? Sema karibu na sikio.

Hapana. Hapana, mwanangu. Najua unanionea huruma. Lakini akija, msimwambie kwamba sikumtambua. Alinitazama. Yeye anajua. Mkimwambia hivyo atajua kwamba hata kufa nimekufa nikimdanganya.

Mwambieni… nilimjua. Mwambieni tangu mkono ulipogusa.

Basi. Nilazeni ubavu wa pili.