Maji Aliyommwagia Mtoto wa Mama Saleha

Ndugu na jamaa mliokusanyika, marehemu Phoebe Nakhumicha alizaliwa Kimilili tarehe 2 Februari 1928, akasoma shule ya misheni huko huko, na mwaka 1946 akaja Nairobi kusomea uuguzi, kazi aliyoifanya mpaka miguu ilipokataa. Tarehe 6 Januari 1951 alifunga ndoa takatifu na Bwana Joash Ogutu, karani, wakajaliwa watoto wawili, Awiti na Okumu, waliolelewa karibu na Adams Arcade katika nyumba ambayo kila kitu kilikuwa na mahali pake, na ole wako ukikisogeza.

Mwaka 1964 aliteuliwa kuwa matroni, mkuu wa wauguzi, wa hospitali ya masista upande wa Dagoretti. Tarehe 9 Juni 1967 Mama Saleha, mke wa Bwana Shee mwenye duka la vitambaa Ngara, alijifungua hapo kabla ya wakati, na mtoto alipoanza kubadilika rangi, marehemu alifanya kama alivyofundishwa kwa watoto wanaokata roho, akammwagia maji kichwani na kumbatiza, bila kumwuliza mama yake, Mwislamu, aliyekuwa amelala hatua mbili kutoka hapo. Mtoto hakufa. Padre alimwambia kwamba ubatizo haufutiki, na tangu siku hiyo marehemu hakuwa na raha, akimwona tu mwanamke wa buibui njiani anavuka upande wa pili.

Kuanzia 1968, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, aliwafundisha wasimamizi wa wodi sala na maadili ya kazi, akiwasisitizia wamwulize mama kwanza, hata kama roho inatoka, lakini kwa nini alisisitiza hivyo, hakuthubutu kueleza.

Agosti 1976 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Jumapili tarehe 7 Novemba alimwita Mama Saleha, akamweleza yote. Mama Saleha aliinuka, akaondoka bila kuaga. Siku tatu marehemu alikuwa akiuliza kama kuna mtu anabisha hodi, na Jumatano akafariki, akiwa ameagiza haya yasomwe bila kupambwa.

Tunawashukuru madaktari, masista, majirani na wauguzi wenzake. Leo asubuhi Mama Saleha alifika na binti yake Mishi, yule mtoto, sasa ana miaka tisa, nasi kwa hofu tukamwuliza kama turuke sehemu hiyo. Alisema, "Someni yote." Yuko pale, safu ya nyuma.

Dada Phoebe, amekuja. Sasa pumzika, usisikilize mlango tena.