Askari Asiye na Kofia

Benchi la nje ya duka la mikate pale Tarrabine linatazama mahakama ya zamani, na lina wenyewe. Delma, waliyembandika jina la Redio, huja na chupa ya kahawa. Clarrie, ama Profesa, huja na methali. Alwyn huja na mwili wake tu. Aliendesha malori ya ng'ombe mpaka mgongo ukagoma, na kwa kuwa hupunguza mwendo kabla ya kila neno, wakamwita Breki. Wiki hiyo hata Redio aliongea chinichini. Jolene, mtoto wa marehemu dada yake, mkubwa wa maonyesho katika makumbusho ya mjini, alikuwa analeta ndani ya mahakama ile picha na habari za vita vya zamani, wazungu walipokuja kuwapora weusi wenyeji nchi yao kwa bunduki. Tangu bango la maonyesho litundikwe, kioo cha mlango kilikuwa kimevunjwa, kikawekwa kingine, nacho kikavunjwa. Na kulikuwa na gari jeupe, lenye vyuma mbele, lililopita polepole mno.

— Ni vijana wa wenye mashamba ya ng'ombe, — alisema Profesa. — Wanaogopa tutadai lile dimbwi walikouawa watu wetu.

— Vijana gani? Lile gari halina namba. Ni serikali hilo.

— Serikali iogope picha, Redio?

— Lisemwalo lipo. Na kama halipo, linaendesha gari jeupe.

Profesa akasema yeye kasikia kubwa zaidi: mlangoni watu watatolewa damu, ijulikane nani mjukuu wa nani, halafu pensheni zikatwe. Redio akamwambia aache zake, damu si kitu. Wa kuogopwa ni wafu. Bibi wa mama yake alipona kule dimbwini kwa kujificha kwenye matete, tope likimfika mdomoni, huku akisikia wenzake wanaisha mmoja mmoja. Waliobaki majini hawakuzikwa.

— Sasa Jolene anataka kuwasoma majina kwa sauti, — alisema. — Wakiitika?

— Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimekufa.

— Vimeundwa, bwana wee. Vyaelea, vimeundwa.

— Kule dimbwini havikuundwa.

Hakuna aliyecheka.

Breki hakuwa na hofu ya gari wala ya wafu. Hofu yake ilikuwa imekaa pembeni yake, inammiminia kahawa. Alipokuwa kijana, bibi yake alimwambia jambo mara moja tu, wakiwa wanachuna sungura, na hakulirudia mpaka anaingia kaburini. Baba yake bibi hakuwa mtu wa hapa. Alitoka kusini, mbali, akavalishwa sare, akapewa farasi na bunduki, akawa anamfuata afande mzungu kokote alikotumwa. Siku ya dimbwi alikuwepo. Hakuwa majini; alikuwa ukingoni, juu ya farasi. Miaka yote hiyo Breki alikaa bega kwa bega na Redio, na kila Redio alipotaja matete yale, yeye aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Jolene akavuka barabara, kashika picha kubwa iliyofungwa kitambaa. Akawasalimia wote. Redio akamuuliza kama analala. Akajibu kwamba analala, ila na kiti kaegemeza mlangoni.

— Naogopa, mama mdogo. Lakini nikifunga sasa, watakuwa wameijua dawa yetu.

Kisha akaeleza kilichomleta. Ana picha ya askari weusi waliotumwa huku na wazungu enzi hizo, na makumbusho hayajui jina la hata mmoja. Hawezi kuitundika bila kuwaomba ndugu zao ruhusa. Akafunua kitambaa. Profesa akajivuta nyuma kama kaonyeshwa nyoka.

— Hao hawana ndugu hapa, — alisema Redio, akageuza uso.

Breki alitazama. Wote walivaa kofia isipokuwa mmoja, kijana mwembamba, kidevu juu. Jua au mvua, bibi alisema, baba yake aliikataa kofia yao. Kahawa ikamwagikia Breki gotini, asiisikie. Angeweza kunyamaza.

— Yule asiye na kofia, — alisema. — Walimwita Hector. Jina lake lenyewe bibi hakutaka kulitamka. Ni baba yake bibi.

Jolene akachuchumaa mbele yake.

— Alijiunga mwenyewe, Anko?

— Aliletwa na mnyororo shingoni. Bado hajaota ndevu.

— Na kule dimbwini, alipiga?

Breki alikiweka kikombe chini, polepole hata kwa Breki.

— Alipiga.

Jolene aliitazama picha, kisha mlango wa mahakama. Akasema kule ndani ana kuta mbili zinazotazamana. Mmoja ni wa waliouawa. Wa pili ni wa waliowaua.

— Sasa Anko, nimweke ukuta upi?

Breki akainamisha kichwa, akasubiri kusikia mkoba wa Redio ukiokotwa na viatu vyake vikienda zake.

Redio hakuondoka. Wala hakumtazama. Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, na Jolene akabaki amechuchumaa, picha mkononi, akiwatazama wote watatu kwa zamu.