Prosesa Tuliyoichagua na Ile Tuliyoiacha Mbarara

Mgeni rasmi, Bwana Mutabazi, mkurugenzi wa chuo cha kompyuta cha Nyamityobora, Mbarara;
Wachungaji na viongozi wa kijiji;
Wazazi, wanafunzi wenzetu na majirani mlioacha majembe asubuhi hii:

Sisi wanachama wa Kikundi cha Tuendelee cha hapa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tunakusalimu kwa heshima na kwa moyo mweupe, leo mwezi wa Agosti, mwaka 2015. Risala yetu inasomwa na Ushindi, kijana anayetunza mashine. Aliomba mwenyewe kazi hiyo, nasi tulimpa kwa sababu sehemu ya habari hii ameibeba peke yake kwa muda mrefu.

MAKARIBISHO

Karibu sana, mgeni wetu. Mwaka jana ulipowapokea wajumbe wetu ofisini kwako uliwapa viti vyenye mito na chai ya maziwa. Leo sisi tuna mabenchi ya kanisa, na chai yetu inanukia moshi wa kuni. Utuvumilie. Ulichotupa tumekitunza, na umekuja kukiona kwa macho yako.

Kukiona ni rahisi, na kukisikia ni rahisi zaidi, maana feni zake zinaunguruma mpaka barabarani. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza, jirani mmoja alikuja na debe la mahindi akidhani tumefungua mashine ya kusaga. Lakini kabla hujaingia darasani tunaomba tukusimulie jinsi mashine hii ilivyochaguliwa. Ulikuwepo siku ile, na bado hukuijua habari yote.

TULIKOTOKA

Wengi wetu ni watu wa Kivu Kusini. Wengine ni Warundi na Wanyarwanda. Kikundi kilianza chini ya turubai, tukiwa na kompyuta moja tu ya kanisa. Tuliizunguka kama watu wanaoota moto. Mmoja akishika kibodi, wengine tulishika magoti na kungoja zamu, na mara nyingi jua lilizama kabla zamu haijafika.

Aliyetukusanya ni Mama Annonciata. Mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, alikuwa mke kijana wa Grégoire, mwalimu wa kwaya. Walikimbilia ufukoni mwa Ziwa Tanganyika pamoja na watu wengine. Grégoire akampandisha mkewe kwenye mtumbwi uliokuwa umejaa, akamwambia atakuja na mtumbwi wa nyuma yake, kwa kuwa alikuwa akimsaidia bibi mmoja aliyeshindwa kutembea. Mtumbwi wa nyuma ulifika ng'ambo. Grégoire hakuwemo. Annonciata aliuliza kila aliyeshuka, na kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Mpaka leo hajui kama mumewe alizikwa, na kama alizikwa, ni wapi.

Alikuwa mjamzito. Binti yao Olga alizaliwa kambini, Tanzania. Kambi ile ilipofungwa, mama na mtoto walivuka mpaka pale Kikagate, wakaja hapa.

Kitu kimoja cha Grégoire kilichobaki ni kaseti. Ilirekodiwa kanisani siku ya mavuno, kabla ya vita. Ndani yake Grégoire anawatania waimbaji wake, anacheka, kisha anaanza wimbo peke yake kabla kwaya haijaingia. Kaseti ililowa maji ya ziwa. Olga alipokuwa bado mtoto wa mgongoni, Mama Annonciata alikuwa akiipiga kwenye redio ya jirani, na kila mara sauti ilizidi kuzama chini ya makelele, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mvua. Siku utepe ulipoanza kulia na kunata, aliitoa haraka, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka kwenye sanduku la nguo. Tangu hapo hajaipiga. Anaogopa utakatika.

SIKU YA KUCHAGUA

Mgeni rasmi, unakumbuka siku Mama Annonciata na Ushindi walipokuja kwako. Uliweka mezani prosesa mbili, yaani bongo za kompyuta, ndogo kama biskuti, kila moja pembeni ya bodi yake. Ulisema utatujengea mashine moja, nasi tuchague ijengwe juu ya ipi.

“Hii ni ya kompyuta ya mezani,” ulisema. “Ndani iko na wapishi wachache, lakini mikono yao mbio sana. Hii ingine ni ya seva. Wapishi ni wengi, kila moja anaenda polepole kidogo, lakini wanaweza kupikia watu wengi saa hiyo hiyo. Memory yake ikikosea, inajisahihisha yenyewe. Inaweza kuchapa kazi siku nzima, haichoki.”

“Hatuwezi kutia zote mbili mu mashine moja?” Ushindi aliuliza.

“Haiwezekani. Miguu yao haifanani. Ya seva haikai kwa bodi ya mezani, na ya mezani haikai kwa bodi ya seva. Mkichagua hii, mumeacha ile.”

Ushindi akauliza habari ya umeme. Ulimwambia ukweli, kwamba ya seva ina njaa, na kwa paneli zetu za sola itabidi tuizime jua likianza kulegea. Ya mezani ingetosheka na kidogo. Ushindi akatikisa kichwa, na tayari moyoni alikuwa amechagua ile ya mezani.

Ndipo Mama Annonciata akafungua kinywa kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha Uvira.

“Na sauti?”

“Sauti gani, mama?”

“Kama mutu iko na kaseti ya zamani, iliharibika. Anataka kuiingiza ndani, baisafishe.”

“Hapo ya mezani itafanya vizuri. Kazi ya kusafisha sauti inataka ile mikono ya mbio.” Kisha ukagusa bodi ya pili kwa kidole. “Hii ya seva haiko hata na tundu ya sauti. Ni bubu. Yenyewe inahudumia watu tu.”

Uliongea kwa wema, kama fundi anayemjibu mteja. Hukuwa na namna ya kujua kwamba mtu mwenye kaseti alikuwa mbele yako. Mama alikushukuru, akaomba atoke nje kidogo kufikiri.

Wakakaa kwenye ukingo wa baraza ya chuo. Ushindi alikuwa amejifunza kutengeneza nyimbo kwa binamu yake mwenye studio ndogo Kakoba, na kazi ya kusafisha sauti aliijua. Habari ya kaseti Mama alikuwa amemwambia yeye peke yake.

“Mama, tubebe ile ya mezani,” alisema. “Ule utepe bado unaweza kuvumilia kupita mara moja. Nitauingiza pole pole, nitatoa makelele. Utamusikia. Olga naye atamusikia.”

Wanafunzi wako walikuwa wakiingia darasani, kila mmoja na kiti chake, kila mmoja na skrini yake. Mama Annonciata aliwatazama mpaka mlango ukafungwa.

“Ile ya mezani inakalisha bantu bangapi?” akauliza.

“Moja moja, mama. Kwa zamu.”

“Zamu njo tunafanya tangu mwanzo. Kuko ba mama banakuja mwezi muzima, banarudia nyumba bila kugusa kitu.”

“Na kaseti?”

Ushindi anasema Mama alikuwa akilainisha pindo la kitenge chake kwa kidole gumba, akirudia pale pale.

“Grégoire alikuwa anasema mutu moja akiimba peke yake, iyo haiko kwaya,” alisema. Kisha akasimama. “Usimwambie Olga kama tuliuliza mambo ya sauti.”

Wakarudi ndani. Mama akaweka mkono juu ya prosesa ya seva, akasema, “Tunabeba iyi.” Ulimpa mkono ukampongeza. Ushindi alikuwa amekasirika, na hakumsemesha mama njia yote mpaka Kashojwa. Hasira ile ilimwisha baadaye, alipoona darasa limejaa.

MAFANIKIO

Mashine uliyoijenga inaendesha skrini zote kuukuu tulizookota na kuombaomba. Safu nzima ya watu inajifunza kwa wakati mmoja, na hakuna anayeshika magoti tena. Akina mama waliokuwa wakiogopa kugusa kibodi sasa wanaandika barua zao wenyewe. Olga ndiye anayewafundisha. Amekuwa mwalimu mzuri, hana haraka, na mwanafunzi akikosea anacheka naye mpaka aibu imtoke.

Mzee Munyakazi, ambaye alikuwa mfugaji huko Burundi, hakuwa amewahi kuandika chochote zaidi ya jina lake. Olga alimwambia aandike sentensi yoyote anayoitaka. Alitafuta herufi mojamoja asubuhi nzima. Tulipokwenda kusoma tulikuta ameandika: Ng'ombe wangu aliitwa Gaju. Tulicheka sote, naye akacheka. Halafu kila mtu akawaza alichokiacha yeye. Baada ya hapo watu wengi waliandika majina ya namna hiyo, ya milima, ya mito, ya mbwa.

CHANGAMOTO

Njaa ya umeme ni kama ulivyotuonya. Siku za mawingu tunazima mapema, na watu wanaotoka mashambani jioni hawapati somo. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye feni, hivyo tunazipuliza kila wiki. Haya tunayaweza, na hatukuja kuyalilia.

Liko jingine. Siku moja, darasa lilipokwisha, Ushindi alimkuta Mama Annonciata amebaki peke yake karibu na mashine. Alikuwa ameinama nyuma yake, akipapasa matundu ya nyaya, tundu moja baada ya jingine.

“Haina kabisa fasi ya kutia sauti?” aliuliza.

“Haina, mama.”

“Nilijua. Nilikuwa naangalia tu.”

Akachukua jembe lake akaenda kupalilia maharage. Hakulitaja tena. Lakini tangu siku hiyo Ushindi alishindwa kuikalia siri, akatueleza yote: baraza ya chuo, kaseti, na neno la Grégoire. Nasi tuliokuwa tukiifurahia mashine kila siku tukajua kwamba kila kiti tunachokikalia, yuko aliyekilipia kwa kitu ambacho hakitapatikana mara ya pili.

OMBI

Mgeni rasmi, risala za namna hii kwa kawaida huomba mengi. Tulikuwa na mengi. Tuliyafuta yote tukaacha moja.

Tulimwuliza Olga kwanza, kwa kuwa jambo hili ni lake pia. Alikuwa amekaa na rundo la nyaya mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Bantu ba Uvira banasema ninacheka kama baba. Nitajuaje? Sina kitu cha kulinganisha.” Halafu akasema, “Mwombeni.”

Tumesikia kwamba prosesa ile ya mezani hukuiuza. Umeijengea mashine, iko ofisini kwako. Hatuombi utupe. Tunaomba utuazime kwa alasiri moja, pale pale ilipo, siku ambayo wewe huna kazi nayo. Ushindi atakuja na redio nzuri ya kaseti aliyoahidiwa na binamu yake. Ataingiza utepe mara moja tu, maana mara ya pili hatuna uhakika nayo. Olga atakaa karibu na spika. Inawezekana tutakachopata ni maneno machache, au kicheko, au makelele matupu. Tumekubali hilo. Kitu tusichoweza kukubali ni utepe kuozea sandukuni kwa sababu ya ukarimu wa mwenyewe.

Mama Annonciata hajui kwamba tumeandika haya. Ameketi safu ya pili, na anayasikia sasa hivi pamoja nawe. Kaseti ni yake, na bila ruhusa yake hatuna la kukuletea. Kwa hiyo ombi letu linabisha milango miwili: mmoja ni wako, na wa pili ni wa Mama.

Mama, utusamehe. Ulimwambia Ushindi kwamba mtu mmoja akiimba peke yake si kwaya. Tumelishika neno hilo, na ndiyo maana tumelisema jambo hili kwa sauti ya wote. Kama umekwisha kusimama ili utoke, Olga akushike mkono, ukae. Hatukutaka kukuaibisha mbele ya mgeni. Tulitaka ujue kwamba tulijua.

Mgeni rasmi, ukubali au usiweze, darasa letu litaendelea, na jina lako litatajwa ndani yake kwa wema. Mungu akurudishe Nyamityobora bila pancha wala mvua, akukutanishe na wako wote mezani, pasikosekane hata mmoja. Na wale wanaongojwa katika nyumba zetu, popote walipo, juu ya ardhi au chini yake, awape pumziko.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Tuendelee,
Kashojwa, Nakivale.