Nilitandika Kitanda cha Mapacha kwa Mikono ya Chuki

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mtu aliyekuja mbele yenu kuungama. Mimi naitwa Aneth, fundi cherehani, naishi Buhembe hapa Bukoba. Wengi mnanijua. Wengine mmenisifu, na sifa zenu ndizo zilizonileta hapa mbele leo, kwa sababu sikustahili hata moja. Haya nitakayosema, Jeneroza, niliyemkosea, ameniruhusu niyaseme. Nilimwomba kwanza.

Mume wangu Filbert ni seremala, karakana yake iko Bilele. Tuliishi miaka kumi na mmoja bila mtoto. Mimba zilikuja mbili, zote zikatoka kabla ya mwezi wa tano. Nyumbani kwetu kuna chumba kidogo cha upande wa uani. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikiita chumba cha mtoto. Baadaye tukaacha kukiita hivyo. Nikaingiza cherehani yangu humo, nikawa nashona sare za watoto wa watu wengine.

Siku moja mama mkwe alikuja kutoka Muleba bila taarifa. Nilimkaribisha, nikamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kama tunavyofanya kwa mgeni. Hakuigusa. Filbert alikuwa ameketi pembeni, anaangalia vidole vya miguu yake. Hapo nikajua kwamba jambo linalokuja yeye analifahamu tayari.

Mama mkwe akasema, “Aneth, kuna binti kule Muleba ana mimba ya Filbert. Anaitwa Jeneroza. Ni mapacha. Daktari amesema asikae mbali na hospitali kubwa. Atakuja kukaa hapa mpaka ajifungue. Mwandalie chumba.”

Nikauliza, “Chumba kipi, mama?”

Akajibu, “Kile kisichokuwa na mtu.”

Ndugu zangu, nimepigwa na maisha mara nyingi, lakini sijawahi kupigwa kama siku ile! Nilimtazama Filbert anitetee japo kwa neno moja. Akainuka, akasema anakwenda kutafuta mbao za kitanda.

Binti mwenyewe alikuwa mama lishe karibu na mahali Filbert alipokuwa akinunua mbao. Miaka ishirini na miwili. Ningeweza kurudi kwetu, ndiyo. Lakini baba yangu alishafariki, na kaka zangu walishachoka na habari zangu za kutozaa. Basi nikaandaa chumba.

Nilitoa cherehani yangu, nikaiweka kwenye korido. Nilipaka chokaa ukuta mzima. Nilisugua sakafu nimepiga magoti. Nilishona vishuka, kofia na mablanketi madogo, kila kitu viwili viwili. Nilipokwenda sokoni kununua mabeseni mawili yanayofanana, mama muuzaji alinitazama mwili wangu uliojaa, akapiga vigelegele. “Hongera mama mapacha!” Nikasema, “Asante, waitu,” kwa adabu ya kwetu. Nikalipa. Nikatembea na yale mabeseni kichwani mpaka Buhembe nikilia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nataka mjue tofauti yake. Huzuni inakulaza chini. Hasira yangu ilinipa nguvu za kufanya kazi. Kila mshono niliopiga nilimlaani mwanamke ambaye sijamwona. Majirani walikuja wakasema, “Tazama chumba kilivyo kizuri! Aneth ana moyo!” Ndiyo, nilikuwa na moyo, lakini ulikuwa umeoza.

Jeneroza akaja. Alikuwa mwembamba, uso wa kitoto, tumbo kubwa kuliko yeye mwenyewe. Alinipigia magoti kunisalimu kwa adabu zote za Kihaya. Alipoona kitanda kimetandikwa na nguo zimekunjwa, alilia. Akasema, “Dada, sikutegemea haya.” Nikamjibu, “Vua viatu, sakafu ni safi.” Wiki tatu alikaa kwangu, na sidhani kama nilimwambia neno jingine refu kuliko hilo. Alitaka kunisaidia kumenya ndizi, nikamnyang'anya kisu.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye dhambi yangu.

Ilikuwa Jumamosi. Filbert alikwenda Muleba kumchukua mama yake, aje kukaa na mzazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na simu ya Jeneroza ilikuwa imezima. Mimi nilikuwa uani nageuza kahawa niliyoianika kwenye turubai. Mnamo saa kumi jioni nikamsikia. “Dada! Dada Aneth!” Sauti haikuwa ya kuomba maji. Mwanamke yeyote angeijua sauti ile, hata asiyezaa.

Nilitazama ziwani. Mawingu yalikuwa yanakuja. Nikajiambia, kahawa ikilowa itaharibika. Nikaanza kuikusanya. Akaita tena. Nikakusanya. Akaita tena, safari hii akimwita mama yake. Nilijaza gunia la kwanza, nikalifunga kwa kamba. Nilijaza la pili, nikalifunga. Nilikunja turubai pembe kwa pembe. Nikanawa mikono, nikaifuta. Ndugu zangu, ndizi zingewekwa jikoni nilipomsikia mara ya kwanza, zingekuwa zimeiva! Na mvua yenyewe haikunyesha.

Nilipoingia nilimkuta chini, ameshika mguu wa kitanda, sakafu imelowa. Hapo nikashtuka. Nilikimbia barabarani, nikapata bajaji, jirani akanisaidia kumbeba. Hospitalini pacha wa kwanza, Ishengoma, alizaliwa akilia kwa nguvu. Mdogo wake, Kato, alichelewa. Alipotoka alikuwa amechoka, rangi imebadilika. Waliokuwa zamu walihangaika naye sana. Nesi mmoja alisema, “Mngefika mapema kidogo...” Akaniangalia, akaendelea na kazi yake.

Kato aliishi siku mbili. Tulimzika Muleba, kwenye kibanja cha ukoo, kati ya migomba, katika blanketi nililolishona mimi.

Na pale msibani, mama mkwe akanikumbatia mbele ya watu. Miaka kumi na mmoja hakuwahi! Akasema, “Huyu ni mwanangu. Amempokea mwenzake, amemkimbiza hospitali. Bila yeye tungezika watatu.” Watu wakaitikia. Jeneroza alikuwa amekaa kwenye mkeka na Ishengoma kifuani. Alinitazama tu.

Tangu siku ile, sifa zilinifuata kama inzi. Kanisani walinitaja kuwa mfano kwa akina mama. Filbert alianza kuniita “mke wangu” mbele ya wageni. Jeneroza alibaki Muleba kwa mama mkwe, nami nikarudisha cherehani yangu chumbani. Sikuweza kushona. Nilikuwa nakaa pale, naanza kukunja upindo, nasikia “Dada! Dada Aneth!” mchana kweupe. Niliacha kushiriki Chakula cha Bwana. Nikiulizwa, nasema tumbo linauma. Nilikonda mpaka magauni ya zamani yakanipwaya.

Aliyenigundua ni Ma Edita, mama wa uamsho, mnamjua, yule asiyezungusha maneno. Alikuja kuchukua gauni lake, akakuta halijaguswa. Akaketi. Akasema, “Aneth, unasifiwa sana, na unakonda. Umeficha nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka ile kamba ya gunia. Nilitegemea aniambie kwamba hata daktari hajui, pengine Kato angekufa tu. Hakuniambia hivyo. Alilia na mimi, tukaomba, nikatubu. Kisha akafuta macho, akasema, “Mungu amekusikia. Jeneroza bado hajasikia.”

Mawe, mama yangu! Nilimwomba aniachie wiki moja. Akasema, “Kesho.”

Nilipanda basi la Muleba asubuhi. Nilimkuta Jeneroza nyuma ya nyumba anamenya ndizi, Ishengoma amelala kwenye kanga karibu naye. Sikukaa. Nilipiga magoti kwenye maganda na kusema, “Jeneroza, nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nilikuacha kwa makusudi.”

Aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akachukua nyingine. Kisha akasema, “Najua, dada. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuona unafunga gunia.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Ningemwambia nani? Nilikuwa katika nyumba yako, na mimba ya mume wako. Wangesema nini? Wangesema nilitegemea nini?” Akaweka kisu chini. “Na mimi nilikukosea. Lakini Kato hakukukosea.”

“Hakunikosea,” nikasema.

“Umekuja kuniomba msamaha?”

“Ndiyo.”

“Leo sina. Nikisema nimekusamehe nitakuwa muongo, na muongo mmoja anatosha hapa. Rudi siku nyingine.”

Jioni ile ile nilimwambia mama mkwe, kisha Filbert. Mama mkwe alinitoa nje ya nyumba yake, na hadi leo hajaitikia salamu yangu. Simlaumu. Filbert alinifokea kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, “Hilo ni langu, nimelibeba. Na la kwako utalibeba lini?” Yeye na Mungu wake wanajua walipofikia, mimi sitatoa ushuhuda wa mtu mwingine.

Lakini ndugu zangu, mimi nilifunguliwa! Nilipoteza sifa zote kwa siku moja, na nikapata usingizi. Nikamlilia Kato. Nikawalilia wale wangu wawili ambao sikuwahi kuwalilia, maana nilikuwa na kazi ya kumchukia mtu. Nikarudi mezani pa Bwana.

Nilirudi Muleba mara ya pili, na ya tatu. Tulisalimiana tu, nikaondoka. Mara ya nne nilimkuta Jeneroza ameshika ndoo, Ishengoma analia. Alinitazama muda mrefu. Kisha akanipa mtoto mikononi, akasema, “Mshike, nikateke maji.” Akaenda. Hakugeuka nyuma kunichunga. Nilisimama pale na yule mtoto mzito, nikaogopa hata kupumua.

Sijaja kuwaambia kwamba mambo yamekuwa mazuri. Kuna kaburi dogo Muleba, na mimi nimehusika nalo, na toba yangu haitalifukua. Namshukuru Mungu kwa sababu aliniona nilivyokuwa uani, na hakunitupa. Namshukuru Ma Edita aliyeninyima ile wiki moja. Namshukuru Jeneroza, ambaye hakunidanganya.

Kama upo hapa na watu wanakusifu kwa jambo ambalo wewe unajua ukweli wake, usingoje ukonde kama mimi. Mwamini huyu Yesu kwa ukweli mbichi, bila kuupamba. Nikishuka hapa nitakaa kwenye benchi la nje, upande wa kisima. Njoo tukae wote. Kama huwezi kusema leo, tutakaa kimya, na kesho nitakusindikiza kwa huyo unayepaswa kumwambia. Jina la Bwana lihimidiwe!