Dkt. Aleyamma Kuriakose, Aliyewatoa Akina Baba Nje Wakanywe Chai

Dkt. Aleyamma Kuriakose alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 kijijini Kozhuvanal, Kerala, binti wa Kuriakose, mkulima wa miti ya mpira, na mkewe Eliamma. Utotoni alipanga viti vya nyumbani kama basi, akawakatia wadogo zake tiketi za majani na kutangaza vituo vyote hadi Kottayam. Asiye na tiketi alishushwa, hata akiwa bibi yake.

Alipomaliza shule mwaka 1967, baba yake alimwambia, "Utasoma saikolojia. Shangazi yako keshakutafutia chuo." Mambo yakaishia hapo.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Bw. Chacko, karani wa posta, wakajaliwa watoto wawili, Eapen na Sherly.

Kuanzia 1979 alikuwa mtafiti wa ushauri nasaha katika chuo kimoja mjini Kottayam, akiwasaidia vijana kuchagua kazi. Utafiti wake wa kwanza ulimpa sifa kubwa: ulionyesha kwamba karibu kila binti wa wilaya ana kipaji cha uuguzi. Kumbe, kwa desturi yetu, kila binti alijaza majibu baba yake akiwa ubavuni! Alipogundua, alisimama mbele ya watafiti wenzake.

"Jamani, mimi nilipima akina baba."

Sifa zikayeyuka, naye akaanza upya, akimsikiliza mtoto peke yake kwanza. Mzazi mmoja akaja juu: "Binti yangu hanifichi kitu, Daktari!"

"Basi, mzee wangu, hutapitwa na lolote ukinywa chai hapo nje."

Wanafunzi wake wanafanya hivyo hadi leo.

Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Siku moja Eapen alimuuliza mama yake, "Ammachi, umewauliza watoto wa watu maisha yako yote. Wewe ulitaka kuwa nani?"

Machozi yalimlenga. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kondakta wa basi. Umechelewa, mjinga wewe."

Wakacheka, kisha wakalia wote wawili. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2023, Bw. Chacko akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Leo gari lililomleta kutoka Kottayam lilipita njia ile ya utoto wake. Eapen, kando ya jeneza, alivitangaza vituo vyote mpaka hapa kanisani Kozhuvanal. Ammachi, umefika. Shuka salama, upumzike.